Nani Alishika Kibaba? Hotuba kuhusu Malipo ya Korona kwa Wafugaji wa Maziwa wa Vermont

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, wachungaji na masheikh mlioitikia mwaliko huu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi hapa Burlington jioni ya leo.

Nimeombwa nizungumzie fedha ambazo serikali ya Marekani iliwalipa wakulima na wafugaji wakati wa korona, na hasa wafugaji wa maziwa, kwa sababu wengi wetu tuliotoka Kivu, Burundi, Somalia na kwingineko tumejikuta katika jimbo hili la ng'ombe, wengine tukikamua kwa mshahara na wengine tukifuga mbuzi wachache kwenye ardhi ya kukodi. Mimi mwenyewe nilizaliwa katika milima ya Masisi, ambako mtoto huijua jibini ya duara kabla hajajua kuhesabu, na hapa Vermont nimefanya kazi katika banda la kukamulia kwa miaka kadhaa kabla ya kukabidhiwa vitabu vya hesabu vya shamba hilohilo. Nitakayoyasema nimeyaona kutoka pande hizo mbili, ya ndoo na ya kalamu.

Naomba nianzie asubuhi moja ya Aprili 2020. Dereva wa lori la maziwa alifika saa moja kama ilivyokuwa desturi yake, lakini hakuunganisha mpira wa kunyonyea maziwa. Alichomoa kijiti cha chuma kilichotiwa alama, akakitumbukiza kwenye tangi la kupoozea, akasoma kina, akachota sampuli kwenye kichupa kidogo, akaandika uzito kwenye karatasi na kumkabidhi mwenye shamba. Baada ya hapo alituambia kwa sauti ya chini kwamba mzigo ule haukuwa na mahali pa kwenda. Tulifungua valvu. Maziwa ya siku mbili, lita zipatazo 3,400, yalitiririka kwenye mfereji hadi katika shimo la samadi, na kwa dakika nyingi weupe wake ulielea juu ya rangi ile ya kahawia kabla ya kuzama. Mwenye shamba, mzee aliyekuwa amekamua tangu utotoni, alisimama na ile karatasi mkononi hadi tangi likaisha.

Nawaomba mkumbuke mpangilio wa asubuhi ile: maziwa yalipimwa kwanza, ndipo yakamwagwa. Uzito wake ulihesabiwa katika mfumo wa soko la maziwa kana kwamba yamepokelewa, na hatimaye serikali ilipolipa, ililipa kwa kufuata uzito ulioandikwa kwenye karatasi za namna ile. Kila mara nilipojaribu kuelewa ni nani alipata msaada na nani alikosa, jibu lilinirudisha kwenye kipimo kilichotumika na kwa mtu aliyekuwa na karatasi ya kipimo hicho mkononi.

Chanzo cha kumwaga hakikuwa kwamba watu waliacha kunywa maziwa. Katikati ya Machi shule, hoteli na mikahawa vilifungwa karibu kwa wakati mmoja nchi nzima, na maziwa yaliyokuwa yakienda huko, yakiwa yamefungwa katika vipaketi vidogo vya watoto wa shule au magunia makubwa ya jibini ya kupikia piza, hayakuweza kugeuzwa kwa wiki moja yakawa madumu ya galoni kwa ajili ya dukani, kwa maana kiwanda kinachojaza vipaketi hakina mashine ya madumu. Huku nyuma maduka yakawawekea wateja mipaka, dumu moja au mawili kwa kila mtu, kwa sababu rafu zilikuwa tupu. Ng'ombe naye hasubiri tangazo la serikali. Usipomkamua, kiwele huvimba na kuugua. Bei zikaporomoka. Jibini ya mabonge, ambayo ndiyo inayoongoza bei ya maziwa nchini humu, ilifika takriban dola 1 kwa ratili mwezi wa Aprili, na mwezi wa Mei bei rasmi ya maziwa ya daraja la tatu, yaani maziwa ya kutengenezea jibini, ilikuwa dola 12.14 kwa kila ratili 100, sawa na kilo zipatazo 45. Kwa shamba dogo la Vermont bei hiyo haitoshi hata kulipia malisho, umeme na daktari wa mifugo.

Sheria ya CARES, yaani sheria ya msaada wa korona, ilitiwa saini tarehe 27 Machi 2020, na tarehe 17 Aprili Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Sonny Perdue, alitangaza mpango wa dola bilioni 19. Bilioni 16 zilikuwa za kuwalipa wazalishaji moja kwa moja, na bilioni 3 za kununua vyakula vibichi, nyama na bidhaa za maziwa ili vigawiwe kwa wenye uhitaji. Malipo ya moja kwa moja yalijulikana kwa herufi CFAP, na maombi yalianza kupokelewa tarehe 26 Mei katika ofisi za wilaya za Wizara ya Kilimo, zile ambazo wakulima wa hapa wamezizoea kama sisi tulivyozoea ofisi ya chifu.

Naomba sasa nifanye hesabu mbele yenu, kwa sababu bila hesabu tutabaki na uvumi. Mfugaji wa maziwa alilipwa kwa maziwa aliyozalisha Januari, Februari na Machi 2020, yakiwemo yale yaliyomwagwa, na ukijumlisha sehemu mbili za fomula unapata takriban dola 6.20 kwa kila ratili 100. Chukueni shamba la ng'ombe 60 wanaokamuliwa, kila mmoja akitoa ratili 65 kwa siku. Kwa siku 91 za miezi ile mitatu shamba hilo lilitoa ratili 354,900, na malipo yake ni kama dola 22,000. Mwanzoni ilitolewa asilimia 80 tu, kama dola 17,600, kwa kuhofia fedha zisije zikaisha kabla ya foleni, na salio likaja baadaye. Kwa fedha hizo mwenye shamba letu alilipa deni la malisho, na napenda niseme wazi kwamba bila hundi ile nadhani tungeuza ng'ombe kabla ya majira ya joto.

Sasa chukueni shamba la ng'ombe 2,000 lenye maziwa ya kiasi hichohicho kwa kila ng'ombe. Hesabu inafika dola 733,000 na kitu. Sheria iliweka kikomo cha dola 250,000 kwa mtu mmoja, kikomo ambacho mfugaji wa maziwa anakifikia akiwa na ng'ombe wapatao 680, lakini kampuni yenye wabia watatu wanaofanya kazi au kusimamia shamba kwa angalau saa 400 kila mmoja iliruhusiwa kufika dola 750,000. Shamba hilo kubwa, likiwa limeandikishwa kwa majina matatu, lingelipwa kila senti ya hesabu yake. Katika Vermont, ambako mwaka ule yalikuwa yamebaki mashamba ya ng'ombe wa maziwa chini ya 700 katika jimbo zima na mengi yake ni ya familia, wafugaji wa kiwango hicho ni wachache sana.

Sikatai kwamba kipimo hicho kilikuwa na sababu. Serikali ilitaka kulipa haraka, na maziwa, tofauti na bidhaa nyingine nyingi za shambani, yana karatasi ya kila siku ya pili, iliyoandikwa na dereva na kuthibitishwa na chama cha ushirika. Ofisa wa wilaya alihitaji dakika chache tu kuyahakiki. Lakini ratili haisemi ni nani anadaiwa na benki, ni nani amepangishiwa malisho, na ni nani angeweza kuvuka mwaka ule kwa akiba yake. Waliolipwa vizuri zaidi ni wale waliokuwa na maziwa mengi zaidi, na hilo lingetokea hata kama kila ofisa angekuwa mwadilifu kama malaika, kwa kuwa fomula yenyewe haikumwuliza mtu kitu kingine.

Nije kwenye zile bilioni 3 za ununuzi, kwa sababu wengi wenu mlizionja. Mnakumbuka yale masanduku ya chakula yaliyogawiwa katika viwanja vya wazi na hata katika kiwanja cha ndege, magari yakiwa kwenye foleni ndefu na askari wa Gadi ya Taifa wakiweka sanduku kwenye buti bila mtu kushuka. Ndani mlikuta jibini nyingi. Mama mmoja wa kwetu aliniuliza mwaka ule, akiwa ameshika kipande kikubwa cha manjano, kama hii ndiyo jibini au ni sabuni, na nikamwambia aikaange pamoja na ndizi, akanirudia wiki iliyofuata akitaka nyingine. Ilikuwa chakula kizuri kilichofika katika nyumba zilizohitaji chakula, na nitaendelea kuutetea mpango huo kwa sababu hiyo.

Hata hivyo ununuzi ule, ukikutana na mikahawa iliyoanza kufunguliwa na wafugaji waliokuwa wameambiwa wapunguze maziwa, uliipandisha bei ya jibini kutoka dola 1 kwa ratili mwezi Aprili hadi dola 3 mwezi Julai. Bei ya maziwa ya daraja la tatu ilitoka dola 12.14 mwezi Mei ikafika 21.04 mwezi Juni na 24.54 mwezi Julai. Mtu angedhani wafugaji walisherehekea. Mimi nilikuwa nimekaa na karatasi ya malipo ya maziwa ya shamba letu, ile inayokuja na hundi, na katikati ya safu za mafuta, protini na makato nikaona tarakimu yenye alama ya kutoa mbele yake, kubwa kuliko nilivyowahi kuiona. Nilidhani kompyuta imekosea, nikapiga simu. Haikuwa imekosea.

Nitajaribu kueleza kwa urahisi. Katika sehemu kubwa ya Marekani maziwa huuzwa chini ya mfumo wa serikali unaofanana na kapu la pamoja. Wanunuzi wanaotengeneza maziwa ya kunywa, jibini, siagi au mtindi hutoa bei tofauti kulingana na matumizi, fedha hizo huingizwa katika kapu, na kila mfugaji hupata bei iliyochanganywa. Kwa kawaida maziwa ya kunywa ndiyo yenye bei ya juu, kwa hiyo kapu humwongezea mfugaji kitu juu ya thamani ya jibini. Lakini bei ya maziwa ya kunywa hutangazwa kabla ya mwezi kuanza, na ile ya jibini hujulikana baada ya mwezi kwisha, hivyo jibini inapopaa kwa ghafla maziwa ya kunywa hubaki nyuma. Zaidi ya hapo, sheria ya kilimo ya mwaka 2018 ilikuwa imebadilisha namna ya kukokotoa bei ya maziwa ya kunywa: badala ya kufuata bei iliyo juu zaidi kati ya ile ya jibini na ile ya siagi na unga wa maziwa, ikawa wastani wa hizo mbili na nyongeza ya senti 74. Mwaka 2020 siagi na unga vilibaki chini na jibini ikapaa, wastani ukavutwa chini, na maziwa ya kunywa yakawa na thamani ndogo kuliko ya jibini. Wasindikaji wa jibini, ambao kwa mujibu wa kanuni wanaweza kutoa maziwa yao kapuni, wakayatoa ili wasiwagawie wengine, na waliobaki ndani ya kapu, kama sisi ambao maziwa yetu yanakwenda sana kwenye chupa za kunywa, tukagawana upungufu. Hiyo ndiyo ile alama ya kutoa niliyoiona.

Yaani mkono mmoja wa serikali ulitupatia dola 6.20 kwa ratili 100, na mkono mwingine, kwa nia njema kabisa ya kulisha watu, ukasaidia kusukuma bei kwa namna iliyotunyang'anya sehemu yake kupitia fomula iliyotungwa miaka miwili kabla ya ugonjwa. Wazee wa ushirika walipolalamika waliambiwa kwanza kwamba bei ya maziwa imepanda na hawana sababu ya kulalamika. Ilihitaji mwaka mzima wa barua, vikao na hesabu zilizoandikwa vizuri kabla ya serikali kukubali. Tarehe 19 Agosti 2021 Waziri Tom Vilsack alitangaza mpango wa dola milioni 350 wa kufidia hasara hiyo, ukilipa asilimia 80 ya tofauti ya bei ya Julai hadi Desemba 2020.

Mpango huu wa pili wa maziwa ulishika kibaba kingine, na ndiyo maana naurudia hata kwa watu wasiokamua. Kwanza, uliweka kikomo kwa maziwa yenyewe: ratili milioni 5 kwa mwaka, ambazo kwa hesabu yangu ni ng'ombe wapatao 210. Shamba dogo lililipwa kwa maziwa yake yote, na shamba kubwa kwa sehemu tu. Wakubwa walipinga, na baadaye kikomo kikapandishwa hadi ratili milioni 9. Pili, fedha zilipitia kwa wanunuzi wa maziwa na vyama vya ushirika, wakazifikisha kwa mfugaji pamoja na hundi zake, bila yeye kwenda kujipanga katika ofisi yoyote. Mzee wetu alizikuta kwenye akaunti. Na kuhusu ile fomula ya wastani, ilidumu hadi Juni 2025, ndipo kanuni ya kufuata bei iliyo juu zaidi iliporudishwa.

Nimewaweka muda mrefu kwenye ng'ombe, na nawaona wenye mbuzi wanatazamana. Katika awamu ya kwanza ya CFAP mbuzi hawakuwemo kabisa. Bidhaa iliingizwa kwa kuonyesha kwamba bei yake nchini ilishuka kwa asilimia 5 au zaidi kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili 2020, na kwa mifugo ya nyama waliotajwa ni ng'ombe, nguruwe na kondoo wachanga. Awamu ya pili, iliyotangazwa Septemba 2020, iliwaingiza mbuzi na hata maziwa ya mbuzi, kwa kipimo cha mauzo ya mwaka 2019: mtu aliyeuza chini ya dola 50,000 alilipwa asilimia 10.6 ya mauzo yake.

Dada mmoja wa jumuiya yetu, mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, aliniletea swali hilo jikoni kwangu mwezi wa Novemba 2020. Alikuwa na mbuzi, na alikuwa amewauza mwaka 2019 wakiwa hai, kwa majirani waliohitaji wa arusi, wa Idi na wa matanga. Aliamini hana ushahidi wowote kwa sababu hakuwahi kuuza mnadani. Nilimwuliza anawakumbukaje anaowadai. Akatoa mkobani daftari la shule la mwanawe, nusu yake ikiwa na silabi za Kiingereza, na nusu ya nyuma, iliyogeuzwa juu chini, ikiwa na mwandiko wake: tarehe, jina la mama fulani, dume au jike, na kiasi. Tulijumlisha tukapata dola 7,400. Mwombaji alitakiwa kutamka mwenyewe mauzo yake na kutia saini, na kuwa na kumbukumbu za kuonyesha akiulizwa. Daftari lile lilikuwa kumbukumbu. Alilipwa dola 784 na senti 40. Siku ya mwisho ya maombi ilikuwa tarehe 11 Desemba, ingawa dirisha lilifunguliwa tena Aprili 2021 na kufungwa Oktoba mwaka huohuo, na nina uchungu hadi leo nikiwakumbuka wengine watatu waliokuwa na mbuzi wengi kuliko yeye ambao hawakuwa wameandika chochote na hawakuthubutu kutia saini kwa kubahatisha. Walikuwa waaminifu, na uaminifu wao ukawanyima.

Mwisho niseme juu ya wanaokamua. Hakuna mahali katika ile dola 6.20 palipotajwa mkono uliovaa glavu saa kumi alfajiri. Ni kweli kwamba mwenye shamba aliweza kuchukua mkopo wa serikali wa wakati wa korona ulioitwa PPP, uliosamehewa ukitumika kulipa mishahara, na mwajiri wangu aliuchukua, ndiyo maana sikupunguzwa kazi. Mimi nilipata pia zile dola 1,200 zilizotumwa kwa wananchi na wakaazi. Wenzangu wa zamu, watu wa Mexico na Guatemala ambao ndio wengi katika mabanda ya Vermont, hawakuzipata kwa sababu ya kukosa namba ya hifadhi ya jamii, ingawa walilipa kodi na walikamua ng'ombe walewale ambao serikali iliwahesabu ratili kwa ratili. Jimbo la Vermont lilitenga fedha zake mwaka uleule wa 2020 na kuwalipa waliokuwa wameachwa, dola 1,200 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto, na jambo hilo lilitokea kwa sababu wafanyakazi wenyewe walijipanga wakalidai. Serikali kuu ilikuja baadaye na malipo ya dola 600 kwa mfanyakazi wa shamba, mara moja tu. Mfanyakazi alitakiwa kuonyesha kwamba alifanya kazi wakati ule, na kwa mara nyingine tena aliyekuwa ametunza vipande vya hundi zake alipita kwa urahisi kuliko aliyelipwa mkononi bila karatasi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kabla hatujaenda kunywa chai, pale mezani mlangoni nimeweka daftari 40. Kila ukurasa nimeupiga mistari kwa mkono, safu nne: tarehe, kilichouzwa au saa zilizofanyiwa kazi, jina la mnunuzi au mwajiri, na kiasi. Andikeni kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa lugha yoyote mnayoisoma bila kusita. Jumamosi hii kuanzia saa nne asubuhi nitakuwa katika chumba hiki pamoja na dada yule mwenye mbuzi, ambaye amekubali kuja na daftari lake la mwaka 2019, na wenye mbuzi, wenye bustani na wakamuaji waje na chochote walichonacho, hata kama ni karatasi zilizokunjwa ndani ya pochi, tuanze kuyaandika ya mwaka huu.